Mteja wa Gauni

Siku hizi kila duka lina sanduku la mtandao, na sheria ya sanduku ni moja: simu za wateja hupita kwanza, wengine husubiri mpaka wateja waishe. Fundi wa mitambo alipokuwa akilipanga alimwuliza Mwanakombo, mshonaji, "Mama yako tumweke wapi?"

Mwanakombo, pini mdomoni, akajibu, "Muweke na hao wengine."

Tangu masika wateja hawajaisha.

Leo sanduku lilitangaza mteja mpya.

"Nataka gauni," ilisema sauti ya mama yake. "Nimejiandikisha mteja, mwanangu. Nikishakutajia vipimo, sanduku litanikatia simu."

Mwanakombo alizima cherehani. "Shikamoo, mama. Tuanze na mabega."

Mama akataja.

"Sijasikia vizuri," alisema Mwanakombo, ingawa alikuwa amesikia. "Hebu rudia, mama. Polepole."