Nafasi Moja Mtaa wa Elm

Kila mwananchi hupewa dakika tatu za kusema na madiwani. Bernadine Novak alizitumia zake akiwa amewapa madiwani mgongo.

"Mimi nasema na hawa," alisema, akiwanyooshea kidole majirani waliokaa safu ya mbele. "Emmett kinyozi. Wanda wa maua. Na nyie wengine wenye maduka. Mlinipa mkono, mkala keki yangu, kumbe mnanivika kilemba cha ukoka. Mmeniuza."

Emmett Pruitt, jirani yake wa ukuta kwa ukuta tangu wote wawili wana nywele nyeusi, alitikisa kichwa.

Jambo lenyewe mji mzima ulilijua. Halmashauri ilitaka kujenga ghorofa la kuegeshea magari katikati ya mji, na mahali palipochaguliwa ni pale penye duka la mikate la Bernadine, Mtaa wa Elm, aliloachiwa na mama yake. Waliolitaka ghorofa walisema wateja hawapati pa kuegesha, basi wanakimbilia maduka makubwa ya barabara kuu. Bernadine alisema nafasi zipo, tena tele. Madiwani nusu walitaka, nusu hawakutaka, akabaki Joyce Lindqvist, mwanamke asiyependa maneno mengi.

"Alhamisi saa sita mchana nakuja mwenyewe na gari langu," Joyce alikuwa amesema. "Nikipata nafasi moja tu Mtaa wa Elm, nalipinga ghorofa. Nisipopata, naliunga mkono."

Ndipo Bernadine akawaita wenye maduka kule nyuma kwenye tanuri lake. Wote waliijua siri ya mtaa ule, ingawa hakuna aliyeisema mbele za watu: magari yaliyoujaza yalikuwa yao wenyewe. Sheria ilimruhusu mtu aegeshe kwa muda wa saa mbili, basi. Askari wa maegesho alipita akiweka alama ya chaki kwenye tairi, na kila alipokaribia kurudi, wenye maduka walichomoka na funguo, wakabadilishana nafasi, chaki ikakosa kazi. Walikuwa wakiicheza ngoma hiyo miaka nenda rudi, huyu na mkasi mkononi, yule na maua.

"Alhamisi magari yakae nyuma ya kanisa," Bernadine aliwaomba. "Tuje kwa miguu. Siku moja tu. Msiponisaidia, mimi sina duka."

"Na goti langu hili, Bernie?" Emmett aliuliza.

"Likigoma nitakubeba mgongoni."

Wakacheka, wakapeana mikono, wakaimaliza keki ya cheri mpaka makombo.

Alhamisi ikaja na manyunyu. Bernadine alifika alfajiri, gari lake la kijani limejaa unga na matufaha, akashusha kwa haraka maana tanuri lilikuwa likimngoja. Alitegemea asubuhi ya kimya kama zilivyo asubuhi zote za Alhamisi. Badala yake kengele ya mlango haikutulia.

"Leo nimeegesha hapa hapa mlangoni kwako," alisema Bi Teasdale, mteja wa tangu enzi za mama yake Bernadine. "Hata sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini."

"Si ndiyo ninachosema kila siku? Nafasi zipo," Bernadine alijibu, akimfungia pai. "Kawaambie na wenzako."

Foleni ikafika mlangoni. Aliuza huku anaoka, hana hata muda wa kunawa. Alitoka mara moja tu, mbio mbio, kwa ajili ya ile chaki, akarudi aproni imelowa na kukuta watu wameongezeka. Alipopata wasaa wa kuchungulia dirishani, saa sita ilikuwa imeshapita, na mtaa umejaa magari yamebanana kutoka kona hadi kona.

Moyo ulimuuma. Hakuona haja ya kumuuliza mtu. Alirudi kwenye meza, akaukanda unga huku machozi yanamtoka, na tangu siku hiyo hakumsalimu yeyote wa mtaa ule.

Sasa Emmett alisimama, ameshikilia kiti cha mbele yake.

"Bernie, gari langu lilikuwa nyuma ya kanisa tangu kucha. La Wanda vilevile. Sote. Goti bado limevimba, ukitaka nikuonyeshe."

"Usinidanganye, Emmett. Mtaa ulijaa, nimeuona kwa macho yangu."

"Ulijaa wateja. Nilinyoa mpaka vidole vikafa ganzi."

"Wateja!" Bernadine alicheka kwa uchungu. "Miaka yote hiyo hawakuja, wakaja siku hiyo hiyo? Kuanzia leo hunijui, sikujui."

Emmett akaketi. Wanda alikuwa akijifuta macho kwa ncha ya skafu.

"Dakika zako zimekwisha, Bernadine," alisema diwani Lindqvist nyuma yake, "lakini hata mimi nina la kusema. Nilikuja kama nilivyoahidi. Nilizunguka mtaa, nikauzunguka tena. Nataka ujue nilikuwa upande wako, niliitaka sana hiyo nafasi. Na nikaiona. Gari moja likatoka mbele ya kinyozi. Nikawasha taa kuonyesha naingia, nikasubiri."

Bernadine akageuka, akamtazama kwa mara ya kwanza jioni ile.

"Gari la kijani likanipita, likajitosa pale pale. Nikapiga honi. Akashuka mwanamke mwenye aproni, mikono imejaa unga, hana hata muda wa kuniangalia." Joyce akashusha sauti. "Ulinipungia mkono tu, Bernadine, ukakimbilia ndani."