Sketi Nyeupe

Shani aliingia ofisini kwa mwalimu mkuu, Bi Tabitha, amevaa sketi nyeupe, mtoto mgongoni, na mkononi pedi ya hedhi aliyoitengeneza mwenyewe. Aliiweka kitini, akaimwagia kikombe kizima cha chai ya rangi.

"Zile za kwanza zilikuwa ngumu kama mbao, mwanangu," alisema Bi Tabitha. "Zilivuja. Wasichana wakarudia kujifungia nyumbani siku zao zikifika. Ukiniangusha tena, hawatazivaa kamwe."

"Kosa langu, mama. Nyuzi za mti ninazojazia ndani nilizitia dawa ya kulainisha, nikazianika kama dagaa, zikagandamana. Sasa nazichambua kwa vidole kabla hazijakauka, mpaka zinakuwa laini kama pamba."

"Maneno matamu hayo."

"Basi tusiongee."

Shani alicheka, akamfungua mtoto mgongoni, akaketi juu ya pedi ile ile. Akaanza kunyonyesha taratibu, kama aliye barazani kwake.

Mtoto aliposhiba, kengele ya mapumziko ililia, wasichana wakajazana dirishani.

"Haya, simama tuone," alisema Bi Tabitha, akivaa miwani.

Shani alimweka mtoto begani, akainuka bila haraka, akaligeuzia dirisha mgongo, wasichana waione sketi: nyeupe vile vile.