Jani na Sindano

Foleni ya zahanati ilisogea upesi kuliko Dominika alivyotaka. Mbele yake alibaki mama mmoja tu.

Nesi wa chanjo alikuwa wifi yake. Tangu Dominika amwite mwizi wa ndizi mbele ya majirani, kisha mkungu wenyewe ukakutwa kwa mtu mwingine, hakuthubutu tena kukanyaga pale. Ndiyo maana binti yake hakumaliza chanjo ya surua, na sasa mwalimu wa darasa la awali alikuwa amekataa katakata kumpokea bila chanjo hiyo.

Ndani ya kitenge, vidole vyake vilikunja na kukunjua jani la isale alilochuma asubuhi mpakani mwa kihamba, shamba lao la migomba. Kwa mila ya kwao, anayeombwa msamaha kwa jani hilo hakatai. Lakini wifi yake alikuwa mtu wa aina yake.

"Mama, mbona unaogopa?" mtoto aliuliza. "Kwani unachomwa wewe?"

"Anayefuata!"

Dominika aliingia, na badala ya kutanguliza mkono wa mtoto, akatanguliza jani. "Wifi, nilikukosea. Pokea."

Nesi alilitazama. Mkono mmoja ulishika sindano, mwingine pamba.

"Mtoto kwanza," alisema. "Mshike vizuri."

Dominika akaliweka jani mezani, akamkumbatia binti yake na kufumba macho mpaka kilio kilipolipuka, kikapoa.

Alipofumbua, jani halikuwepo mezani. Ncha yake ilichungulia kutoka mfukoni mwa sare nyeupe, kando ya kalamu, na wifi yake alikuwa ameshawapa mgongo.