Mapigo ya Kidole Gumba

Siku ya mwisho ya Tunu kujitolea wodini, Sista Sikudhani alimwambia ampime Mzee Shelali mapigo ya moyo, kisha ndipo angemwandikia barua ya kumpendekeza chuo cha tiba. Tunu, aliyekuwa anamalizia shahada ya biolojia, alimshika mzee kifundo cha mkono, macho kwenye saa ya ukutani.

"Mia na kumi na sita," alisema. "Sista, moyo wa mzee unakwenda mbio."

Mzee alikuwa ametulia kama maji mtungini.

"Umepima kwa kidole gumba," alisema Sista. "Kidole gumba kina mapigo yake. Moyo uliouhesabu ni wako."

Tunu aliuachia mkono, akaona barua ile imeshakwenda na maji.

Mzee akaunyoosha tena juu ya shuka. "Nishike, mjukuu wangu. Mimi leo siendi popote."

Tunu akavuta kigoda, akaketi, akaweka vidole viwili. Mwanzoni hakusikia kitu. Kisha, kwa mbali, kama mgeni anayepiga hodi bila haraka, moyo wa mtu mwingine ukamfikia. Hakuhesabu bado, alisikiliza tu. Nyuma yake, Sista alikuwa ameshafungua kifuniko cha kalamu.