Saa Tisa Ulivuta Shuka

"Hujalala."

"Nimelala."

"Hujalala, mdogo wangu. Saa saba na nusu uligeukia ukutani. Saa nane ulikohoa. Saa tisa ulivuta shuka. Mtu aliyelala anavuta shuka?"

"Akisikia baridi, dada, hata maiti anavuta."

"Endelea na utani. Viatu vyako ninavyo mimi."

Kweli alikuwa navyo. Dada mtu alisimama katikati ya jikoni, kiatu kwapa hili, kiatu kwapa lile, daftari mkononi. Nyuma yake mapazia ya nyumba nzima yalikuwa yameshafuliwa, yanachuruzika kwenye kamba, na jua lenyewe halijachomoza sawasawa. Huyo ndiye dada. Tangu mama afe, yeye ndiye anayeibeba nyumba, na ukimpa nafasi anambeba na jirani.

Springi aliangalia saa. Yeye ni fundi makochi, na hilo jina la Springi walimpa hukohuko karakana. Wanafungua saa mbili. Leo viti arobaini vya ukumbi vinakabidhiwa, na leo ndiyo mwisho wa mwezi wake wa majaribio. Bosi hakuzunguka: "Ukikosa siku hiyo, kesho yake usijisumbue."

"Tunapita kliniki kwanza," dada akasema. "Wakikulaza, wakulaze."

Hapo ndipo penye kazi. Springi ana baipola, ule ugonjwa wa akili wa kupanda na kushuka. Ugonjwa ulikuwa wa mama yao; watoto walikuwa wawili, ukamchagua yeye. Akipanda, halali, na anaona usingizi ni uvivu wa watu wengine. Akishuka, kutoka kitandani ni safari. Mara ya mwisho alipopanda alikaa siku nne bila lepe la usingizi, akafumua makochi ya wapangaji wote ili ayaboreshe, na kila aliyemuuliza alimwapia kwamba amelala fofofo. Wodini alikaa wiki tatu. Alipotoka, kazi yake ilikuwa na mtu mwingine.

Tangu hapo ana sheria zake. Chai mwisho saa kumi jioni. Simu inalala sebuleni, yeye chumbani. Saa tatu taa imezimwa, usingizi uwepo usiwepo. Usipokuja, anajilaza kimya na kuhesabu misumari ya kochi la watu watatu, mmoja mmoja, kuanzia mguu wa kushoto. Mara nyingi hafiki kwenye mgongo. Asubuhi anajaza karatasi ya kliniki: jana umelala saa ngapi, basi.

Wiki mbili zilizopita dada akamnyang'anya ile karatasi. "Mgonjwa hajipimi mwenyewe," alisema, akanunua daftari. Ukuta kati ya vyumba vyao ni wa mbao. Mtu akijigeuza huku, kule anasikika.

Viatu alirudishiwa mlangoni, kama mfungwa anayetoka. Wakashika njia, dada mbele, maneno yakimwagika. Kabla hawajavuka barabara alikuwa ameshamfungulia mdogo wake karakana yake mwenyewe, ghorofa mbili, na rangi ya mlango ameshachagua.

Springi hakusikiliza. Alikuwa anajikagua. Jana alimaliza viti sita. Viti sita ni vingi? Leo wakati anaoga alipiga mluzi. Mluzi wa nini? Kichwa chake kilishawahi kumdanganya mchana kweupe, dada hajawahi. Walipofika kliniki alikuwa ameshakubali. Hajalala.

Nesi ni mama mmoja mtaratibu, anamjua tangu wodini. Alimkalisha, akamtazama macho, akamwambia anyooshe mikono. Mikono ikatulia.

"Jana umelala?"

"Dada anasema sijalala."

"Nimekuuliza wewe, baba."

"Nilidhani nimelala." Akafikiri. "Niandikie sijalala, mama. Tusibishane."

"Si unamsikia mwenyewe," dada akasema. Hakutaka kukaa. Alikuwa dirishani, mara mlangoni, mara dirishani tena. Akaja akabwaga daftari mezani. "Usiku kumi na tatu. Kila kitu kimo humo."

Nesi akafungua. Kurasa zimejaa pande zote mbili, hadi pembeni, mwandiko unaanza mdogo unazidi kukua. Akasoma kwa sauti ya chini. "Saa sita, kimya. Saa sita na nusu, kimya, anajifanya. Saa saba, anakoroma makusudi."

"Ni mjanja huyo," dada akasema. "Usimwone hivyo."

Nesi akaenda ukurasa wa katikati, akaenda wa mwisho. Hakuwa na haraka. "Hizi ni kila nusu saa?"

"Kila nusu saa, mpaka alfajiri. Sijaruka hata moja."

Nesi akalifunga daftari. Springi akaweka mikono mapajani, akaviaga viti vyake arobaini kimoyomoyo.

"Na sasa hivi unajisikiaje?" nesi akauliza.

"Vizuri tu," Springi akasema, "ila najua na hiyo nayo ni..."

"Si wewe."

Dada akageuka kutoka dirishani, anacheka. "Mimi? Mama, tangu nizaliwe sijawahi kujisikia vizuri hivi."

Nesi akavuta kadi mpya, haijaandikwa kitu. "Wewe nenda kazini," akamwambia Springi bila kuinua macho. "Utachelewa."

Saa ya ukutani ilisema saa mbili kasorobo. Springi akainuka, akamsogezea dada yake kiti. Kisha akageuka, akatoka, akaenda kukaa kwenye benchi la wasindikizaji.