Mdomo wa Baba

Siku moja kabla jumba la sinema halijabomolewa, bibi mmoja aitwaye Noreen Adler alifika kuomba aoneshwe filamu moja ya zamani. Ilikuwa filamu bubu, isiyo na sauti, ya kuchekesha, kuhusu Myahudi na mkewe Mwairishi wanaogombana kila wakikaa mezani. Huyo mume aliigizwa na baba yake Noreen.

"Hukuiona ilipotoka, mama?" aliuliza Gilfoyle, mtunza jumba.

"Nilikataa. Ugomvi ule ulikuwa wa nyumbani kwetu, nikaona haya watu waje kutucheka. Baba aliniwekea kiti siku saba mfululizo. Sikuja hata moja."

Gilfoyle alifungua kopo la bati lililohifadhi filamu hiyo. Harufu kali iliwapanda puani. Mkanda ulikuwa umeoza na kugandamana.

"Nakala nyingine haipo popote," alisema kwa upole. "Pole sana, mama."

Akachokoa kwa kisu hadi akapata kipande kizima, kifupi kama kidole. Noreen alikiinua dirishani kwenye mwanga. Baba yake alikuwa ameinama, mdomo wazi, akimwambia jambo mtu asiyeonekana pichani. Noreen alisogeza uso karibu na kioo cha dirisha, akaanza kuifuata midomo ile kwa midomo yake.