Pole ya Mikono Mitupu

Nguchiro alikuwa bawabu wa Simba, na kila aliyetaka kumwona Simba alimwamkia Nguchiro kwanza. Asubuhi moja Simba alimfukuza kazi bila onyo wala sababu.

Wanyama wakamiminika nyumbani kwake kumpa pole. Kunguru alikuja na methali: "Subira yavuta heri, ndugu yangu." Fisi alikuja na machozi, na huku anayafuta akauliza kama chakula kimeiva. Mgeni haachwi na njaa, basi wakamfariji siku tatu mfululizo. Siku ya nne ghala lilikuwa tupu, na wafariji hawakuonekana tena.

Siku hiyo ndipo Kobe alipofika. Alikuwa njiani tangu siku ya kwanza, na mgongoni alibeba muhogo. Hakutoa nasaha yoyote. Aliumenya tu, wakala.

Nguchiro alitafuna, akafikiri, kisha akatangaza kwamba Simba amemrudisha kazini na kumpandisha cheo.

Kabla ya adhuhuri Kunguru alileta mayai. Fisi alileta paja zima la swala, halina hata alama ya jino. "Mzee Nguchiro," alisema, "nina mpwa wangu hana kazi." Nguchiro na Kobe walikula mwezi mzima.

Ukweli ulipojulikana, Fisi alikuja akifoka. "Umetudanganya!"

"Nilipowaambia kweli, mlinimalizia ghala," alijibu Nguchiro huku akichokonoa meno. "Nilipodanganya, ndipo mliponipa pole."